Kadi Mbili za Picha

Kila siku ya likizo, Chiriku alipomaliza kuosha vyombo alikwenda kwenye karakana ya shangazi yake, fundi wa kompyuta. Shangazi mwenyewe ndiye aliyempa jina hilo la utani, kwa kuwa mdomo wa binti huyo haukujua kupumzika.

Mchana mmoja, mwenye ukumbi wa michezo ya kompyuta aliingia akihema, amekumbatia kompyuta kubwa kama mtoto mgonjwa.

"Fundi, niokoe! Saa kumi watoto wanaanza mashindano, na mashine ninayoitegemea ni hii. Ukifungua mchezo tu, inaganda."

Shangazi alifungua ubavu wa kompyuta. Ndani mlikuwa na kadi mbili za picha, vile vipande vinavyochora kila kinachoonekana kwenye skrini. Moja ilikuwa mpya. Nyingine ilikuwa kuukuu, tena ya aina tofauti kabisa.

"Nani kazipachika pamoja?"

"Mimi," alijibu yule bwana akikuna kichwa. "Nilidhani mbili zitakuwa na nguvu zaidi."

Shangazi akamgeukia Chiriku. "Mwanangu, jaribu kila kadi peke yake. Fungua mchezo, tazama dakika kumi, kisha andika ulichokiona."

Chiriku alianza na kadi mpya. Dakika kumi zilipita salama. Zamu ya kadi kuukuu ilipofika, uvivu ukamwingia. "Itakuwa nzima tu," alijiambia. Akaandika, "Zote mbili hazina tatizo," akazirudisha ndani.

Shangazi alisoma, akaamini. "Basi labda umeme hauzitoshi." Akabadilisha kisanduku cha umeme. Kompyuta ikaganda. Akafuta programu, akaziweka upya. Ikaganda tena. Saa nane ikawa saa tisa. Mwenye ukumbi hakutulia. Mara asimame, mara achungulie saa.

Chiriku, asiyekosa la kusema, alijifanya anafuta vumbi mezani. Mwishowe akajikaza.

"Shangazi, nimekudanganya. Kadi kuukuu sikuijaribu."

Shangazi aliweka bisibisi mezani polepole. "Ijaribu sasa," alisema bila kupandisha sauti. Chiriku aliona heri angekaripiwa.

Akajifunga kibwebwe. Safari hii hakubandua macho. Dakika ya tatu skrini ikajaa mistari, kisha ikaganda. Alirudia mara mbili zaidi ili apate uhakika, na kila mara akaandika iliganda dakika ya ngapi.

Shangazi alisoma karatasi. "Ahaa! Programu iliyomo humu ni ya kuendesha kadi mpya, haipatani na hii kuukuu. Tuitoe, ibaki mpya peke yake."

"Kumbe mafahali wawili hawakai zizi moja!" mwenye ukumbi alisema.

Chiriku hakucheka. Alipachika kadi mpya, akautazama mchezo dakika kumi kamili, halafu akaongeza tano. Haukuganda. Saa kumi kasorobo, mwenye ukumbi alitoka mbio na mashine yake.

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe. Lakini sikiliza. Leo nilikuwa natazama kwa macho yako. Ulipoandika usichokiona, ulinifunga kitambaa usoni, nikahangaika saa nzima gizani. Ukichoka, sema umechoka. Kama hujapima, andika hujapima. Ukweli wa namna hiyo unanisaidia kutengeneza. Uongo, hata uwe mtamu vipi, hauwashi mashine."

Kisha akamsogezea kompyuta nyingine. "Haya, na hii haiwaki. Anza kupima."