Mafuta Yasiyozikwa

Mtoto aliitika bila kuitwa.

"Abee, baba," alisema kutoka uani, kisha kandambili zake zikasikika zikija mpaka akasimama mlangoni mwa chumba cha mbele. "Nimekuja."

Fundi hakuwa ameita mtu. Alikuwa ameinamia redio iliyofunguliwa, na midomoni amebana skrubu mbili zisipotee, kwa hiyo hata angetaka kuita asingeweza. Akazitema kiganjani.

"Nani kakuita?"

"Wewe. Umesema niache kuchezea maji."

Na kweli mikono yake ilikuwa ikichuruzika maji. Fundi akacheka kidogo, akamwambia arudi akacheze. Lakini mtoto alipogeuka, baba yake aliona pamba aliyomziba nayo sikio la kushoto imelowa na kugeuka rangi ya chai, na nyuma yake ikabaki harufu ya chumba cha mgonjwa kilichofungwa madirisha muda mrefu. Aliijua harufu hiyo. Akainamia tena redio yake upesi, kama mtu anayekwepa salamu barabarani.

Binti huyu walimwita Chiriku kwa sababu alikuwa akianza kusema kabla hajaamka vizuri na kunyamaza tu akilala. Siku chache nyuma sikio lilianza kumuuma. Alilia mpaka kukapambazuka, na mama yake, kabla ya kwenda kazini kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, alisema jambo moja tu: "Baba Chiriku, mpeleke hospitali. Leo hii."

Fundi aliitikia, na nia alikuwa nayo. Alimvisha mtoto viatu, akafunga mlango, wakaenda mpaka kwenye kona ambapo lango la hospitali linaonekana. Hapo miguu ikawa mizito. Zamani kidogo alimpeleka mtoto huyu huyu pale akiwa ameungua mkono, na muuguzi alipoona alichopakwa aliuliza mbele ya benchi zima la wagonjwa: "Baba mzima na ndevu zako, umempaka mtoto dawa ya meno? Kaungua, au mkono ulikuwa unanuka?" Benchi lilicheka. Hata Chiriku alicheka, na machozi bado mashavuni.

Ni jambo dogo. Mwingine angelisahau kabla ya kufika nyumbani. Lakini fundi alikuwa mtu ambaye mtaa mzima ulimletea vitu vilivyokufa akavirudishia sauti, na hakuwa amezoea kuonekana mjinga. Sikio, alijiambia, ni kama spika tu. Likiziba, linasafishwa. Yeye mwenyewe utotoni aliwekewa mafuta ya vuguvugu na hakufa.

Wakageuza njia.

Jikoni mafuta yalikuwa yamekwisha. Ndipo akakumbuka rafu ya juu, pale chumba cha mbele alichokifanya karakana. Mafundi wa aina yake hawatupi kitu: rafu ilijaa swichi, vitufe, nyaya zilizofungwa mafundo, spika zilizochanika, vyote vikingoja siku vitakapohitajika. Nyuma ya vyote kilikaa kichupa cha mafuta.

Kichupa kile kilibaki kutoka ugonjwa wa mwisho wa mama yake mzazi. Mganga mmoja, mwanamke mtu mzima, alikuja kumkanda mgonjwa kwa mafuta, akayakinga yaliyotiririka, akayarudisha chupani na kubana kizibo. "Kilichokuwa kikimtesa kimo humu," alisema. "Kayazike mbali, pasipopita watu." Jioni ile mgonjwa alipata nafuu ya kusema, akamwuliza mwanawe, "Umeyazika?"

"Nimeyazika, mama."

Hakuyazika. Mvua ilikuwa inanyesha, kisha kukawa na kazi, kisha ukaja msiba wa mama huyo huyo, na baada ya msiba ile ilikuwa tu chupa nzuri yenye kizibo kinachobana, na mafuta safi ndani yake. Alipokuwa akiyapasha kwenye kijiko juu ya mshumaa, mtoto akiwa amelaza kichwa mapajani mwake, fundi alijiambia kwamba pengine hata siyo yale. Mtu akitaka sana kutokukumbuka, huweza.

"Mama akiuliza," alimwambia Chiriku alipomaliza, "tulienda hospitali. Sawa?"

"Mbona hatukuenda?"

"Sawa, Chiriku?"

"Sawa."

Na jioni alimwambia mkewe, "Daktari amesema ni nta tu. Ametoa dawa ya matone."

"Nashukuru Mungu," mkewe alisema, akakaa chini, akavua viatu.

Maumivu yalikwisha. Hilo lilimfariji fundi siku ya kwanza. Baadaye ndipo alipoona kwamba pamoja na maumivu, maneno ya mtoto nayo yalikuwa yakipungua. Chiriku alikaa kwenye kizingiti kichwa kimeinama upande wa kushoto, akitikisa kichwa polepole, ndiyo, hapana, ndiyo, kama mtu anayepewa maelezo. Akipita karakana, spika zilizolala sakafuni bila waya wowote zilinguruma kwa sauti ya chini, kisha zikanyamaza akishapita. Fundi alizigeuza zikatazama ukuta.

Jioni moja alitoka bafuni akamkuta mkewe amesimama ukumbini, kitambaa cha vyombo mkononi.

"Ulikuwa unaongea na nani chumbani kwa mtoto?" mkewe aliuliza kwa sauti ya chini.

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Ulikuwa unasema, ametoa dawa ya matone, ametoa dawa ya matone. Kama mtu anayekariri somo."

"Nilikuwa naoga."

"Naliona povu kichwani kwako," mkewe alisema. "Ndiyo maana nauliza."

Mkewe alirudi jikoni, naye fundi akaingia kwa mtoto. Chiriku alikuwa amelala ubavu, macho wazi. Baba yake akapiga magoti kando ya kitanda, akaitoa pamba kwa ncha za vidole, na ile harufu ikampanda usoni, jasho la zamani na shuka zisizoanikwa na pumzi ya mtu aliyelala muda mrefu mno, naye akaziba pua akainamisha sikio lake juu ya sikio la mwanawe, karibu kabisa, na kutoka ndani, kwa mbali, jinsi redio ya jirani inavyosikika kupitia ukutani, akaisikia sauti ambayo alikuwa akiisikia maisha yake yote kutoka upande wa pili, sauti yake mwenyewe, tulivu, yenye upendo, ikisema nimeyazika, mama, nimeyazika, mama, ni nta tu, tulienda hospitali, baba yako ni mtu mzuri, msikilize baba yako, na alipokuwa akisikiliza, sauti ile ikakatika ghafla, kama watu wanavyokatisha mazungumzo anapoingia yule waliyekuwa wakimzungumzia.

Angeweza kumwambia mkewe wakati huo. Alikuwa hatua chache tu, akisuuza vikombe. Fundi alifika mpaka mlango wa jikoni, akautazama mgongo wa mkewe, vidole vyake vilivyochunwa na sabuni za hotelini, akafungua mdomo.

"Nini?" mkewe aliuliza bila kugeuka.

"Hakuna. Nilitaka maji."

Akanywa maji ambayo hakuyataka, akaenda kuweka pamba mpya.

Siku mkewe alipokuwa na mapumziko, mchana jua likiwaka, fundi aliisikia sauti yake kutoka uani. "Baba Chiriku. Usipige kelele. Toka nje polepole."

Nyuma ya nyumba palikuwa na mnara wa chuma uliobeba tangi la maji la nyumba zote za jirani, na ngazi nyembamba ubavuni. Mkewe alikuwa amesimama chini yake, nguo mbichi begani. Huko juu, ngazi ilipoishia, Chiriku alikuwa amesimama ukingoni mwa tangi, mikono kaiachia, kichwa kimeinama kushoto.

"Chiriku," fundi aliita. "Shuka, mwanangu. Shika ngazi."

Mtoto alitazama chini. Alikuwa akilia, ila si kwa woga. Alikuwa akilia kama mtoto mtiifu aliyepewa kazi mbili kwa pamoja.

"Mbona umesema nipande?"

"Sijasema."

"Umesema. Hata sasa unasema. Unasema shuka, halafu unasema sogea mbele, baba atakudaka." Alinyanyua mguu mmoja, akaurudisha. "Wewe ni yupi?"

"Mimi ndiye baba yako. Huyo mwingine mwongo."

"Na yeye kasema hivyo hivyo," Chiriku alisema.

Fundi alishika ngazi, chuma kikalia, na mtoto akayumba. Mkewe akamvuta shati. Hapangekuwa na kupanda. Hapakuwa na kitu mkononi mwake isipokuwa sauti, na sauti ile ilikuwa tayari imechukuliwa, kila neno tamu alilowahi kumwambia mwanawe, kila usiogope na kila baba yupo, lilikuwa huko ndani likimwita mtoto hewani, na yeye chini, huku akimtafutia neno ambalo kile kilichokuwa sikioni kisingekuwa nalo, alitambua kwamba tangu siku ya mafuta sauti ya ndani haikuwahi kusema lolote juu yake isipokuwa la kumsafisha, na kwamba neno lililobaki lilikuwa moja tu, lile alilolimeza na maji jikoni.

Hakumtazama mtoto. Alimgeukia mkewe.

"Mama Chiriku, sikumpeleka hospitali."

Mkewe aliliachia shati lake.

"Hakuna daktari aliyemwona. Nilifika kwenye kona nikaona haya kuchekwa, nikarudi. Nikamtia mafuta yale ya mama. Mama aliniuliza kama nimeyazika nikamwambia nimeyazika, akafa akiamini. Na mtoto nikamfundisha akudanganye." Majirani wawili walikuwa wametokeza kwenye dirisha lao, naye akaendelea mbele yao. "Nilijua siku ya kwanza. Niliisikia harufu nikajua, na nikanyamaza."

Huko juu, Chiriku aliinua kichwa kikawa wima.

"Ya ndani imekasirika," alisema taratibu. "Inasema nisikusikilize, baba hawezi kufanya hivyo." Akafikiri. "Ya nje inaona aibu. Ya nje ndiyo baba."

Akageuka, akashika ngazi, akashuka.

Mkewe alimpokea, akamfunika kwa shuka mbichi iliyokuwa begani, akambana kifuani muda mrefu. Kisha, bila hasira, ingawa fundi angependelea hasira, akauliza, "Ulimfundisha mwanangu anidanganye?"

"Ndiyo."

"Haya," mkewe alisema, akaingia ndani na mtoto.

Yule mganga aliitwa, akaja jioni hiyo. Alikuwa amezeeka, ila alimkumbuka mgonjwa wake na alikumbuka maagizo yake. Fundi alimweleza yote. Alingoja kukaripiwa, lakini mganga alitikisa kichwa tu, akasema, "Wengi hawayaziki. Wanaona kama yatafaa," akaomba sahani na kitambaa cheupe.

Alimlaza Chiriku sikio la kushoto likitazama chini, akaweka kiganja juu ya lile la kulia, akaanza kusoma kwa sauti isiyosikika vizuri. Mafuta yakaanza kutoka. Fundi alikuwa ametia kijiko kimoja tu. Yaliyotoka yalijaza sahani, meusi, ya moto, yakaletewa bakuli, na yalipokuwa yakitoka sauti ya fundi ilitoka nayo, wazi sasa, chumba kizima kikiisikia, ikibembeleza, ikiapa, ikisema jamani mimi nimefanya nini, mimi nilitaka tu kusaidia, mpaka tone la mwisho lilipodondoka. Mwenye sauti alikuwa amesimama ukutani, ametazama miguu yake.

"Langu nimemaliza," mganga alisema, akinawa mikono. "Sikio lenyewe ni la daktari. Asubuhi mpelekeni."

Kabla giza halijaingia fundi alikwenda kuyazika. Mkewe alikwenda naye. Hakubeba jembe wala hakusaidia kuchimba. Alisimama tu kando ya shimo, mikono kifuani, akitazama mpaka udongo ukarudi wote. Fundi alielewa kwa nini kaja.

Hospitali benchi lilikuwa limejaa. Daktari alimulika sikio akasema ngoma yake imetoboka, itajifunga yenyewe, lisiingie maji wala kitu kingine chochote. "Alitiwa nini?"

Mlango ulikuwa wazi. Fundi akasema. Daktari akaandika. Hakuna aliyecheka.

Chiriku alianza tena kusema. Alisema kutwa, akawasimulia hata wateja habari za tangi, mpaka baba yake akazoea kuinama kwenye kazi yake hadithi ikifika mahali fulani. Mkewe alianza tena kumwita kwa sauti ya kawaida. Ila hakumwuliza tena jambo mara moja tu. Kila jambo alimwuliza mara mbili, na fundi akajibu mara mbili.

Alasiri moja mwalimu mmoja, jirani yao, alipita kuulizia amplifaya yake.

"Iko mwishoni kabisa, mwalimu," fundi alisema, akiwa na kazi nyingine mkononi. "Imebaki kukaza skrubu tu. Pita kesho."

"Kesho ya kweli, au kesho ya mafundi?"

"Ya kweli."

Mwalimu akaaga. Sakafuni, Chiriku aliyekuwa akimsimulia mwanasesere wake jambo refu alikatisha katikati ya neno. Aliinua mkono akaufunika juu ya sikio la kushoto.

"Baba," alinong'ona. "Ya ndani imerudi."

"Inasema nini?"

"Imebaki kukaza skrubu tu. Kesho ya kweli."

Fundi aliangusha alichokishika, akakimbia hadi barabarani. "Mwalimu. Mwalimu, samahani. Sijaifungua hata kifuniko. Njoo wiki ijayo." Mwalimu alicheka akasema alijua, akaendelea na safari yake.

Aliporudi, mtoto alikuwa amekaa pale pale, mkono sikioni, kichwa kimeinama kidogo.

"Imenyamaza?" fundi aliuliza.

"Imenyamaza," Chiriku alisema. Akangoja kidogo. "Inakusikiliza wewe."