Fungu la Burul

Siku ile mji wa Naryn, huku kwetu milimani, ulikuwa na jua zuri, na Taalai alikuwa anachagua bunduki. Ninamfahamu vizuri, zizi lao na zizi letu yanagawana ukuta. Alikuwa amerudi kutoka Moscow baada ya miaka mingi, koti la ngozi mgongoni, na pale dukani alikuwa na dada yake Kanishai, aliyebaki kijijini kumtunza baba yao.

"Hii hapa," Taalai alisema, akinyanyua bunduki ndefu yenye kitako cha mjozi na darubini juu. Hakukuwa na ya ghali kuishinda.

"Baba ana bega bovu," Kanishai alisema. "Hiyo ikipiga teke itamvunja. Chukua ile nyepesi."

"Ile ya kuwindia sungura? Watu watanicheka."

"Kumbe zawadi ni ya watu. Mimi nilidhani ni ya baba."

Mwenye duka akaangua kicheko. "Ulimi wa dada yako unapiga mbali kuliko risasi zangu, ndugu!" Taalai hakucheka.

Alijua anachokitafuta, nacho ni radhi. Bunduki ya zamani ya mzee Imankul, iliyowalisha nyama wote nyumbani, iliuzwa ili Taalai apate nauli ya kwenda Urusi. Kisha mama yao, Burul, alipofariki, Taalai hakuja kuzika. Alituma pesa. Farasi wa matanga alichinjwa, watu wakala wakashiba, lakini mchanga wa kaburi mtoto hakuutia. Tangu hapo mzee hakulitaja jina lake kwenye dua hata mara moja, na msimu ule alikuwa anakohoa vibaya. Mtu aende wapi na pesa zake ikiwa baba atakufa kinywa kimefungwa?

Akanunua ile ndefu.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaipapasa kitako. Mwishowe akasema, "Kesho tunapanda mlimani. Nyama tutakayorudi nayo ikiiva tukala, nitakuombea dua, Taalai. Nitakupa radhi yangu."

Kanishai alitoka nje akalia. Alikuwa akimwosha mzee yule miguu kila jioni, na hakuwahi kuahidiwa kitu.

Wakapanda. Mzee alilala juu ya jiwe, akafyatua risasi moja tu, na dume la mbuzi wa mlimani likaporomoka kutoka gengeni. Bega lilimuuma hadi machozi yakamtoka, lakini alikuwa anacheka. Taalai alimchuna mnyama, akafunga nyama kwenye magunia na kukaza mafundo kwa mikono yake mwenyewe. Akatangulia na farasi wa mzigo. Mzee akafuata nyuma, juu ya farasi wake. Ukungu ukashuka mchana kweupe.

Karibu na nyumba yao ya majira ya baridi, iliyopigwa kufuli tangu Burul afe, mwanamke alikuwa amesimama kando ya njia. Kitambaa kilimfunika hadi puani.

"Shiralga, mwanangu," akanong'ona.

Kwetu neno hilo halijadiliwi. Ukikutana na mwindaji anarudi na nyama, ukalitamka, anakukatia fungu lako, uwe rafiki yake au adui yake. Taalai alilijua tangu utotoni. Ila vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na mafundo yalikuwa yamekaza, na tena alitaka nyama yote ifike kijijini bila kupungua, watu waione. Akatoa noti mfukoni.

"Shika hii, mama. Inazidi hata bei ya nyama."

Mwanamke hakunyoosha mkono. Aliitazama ile noti.

"Pesa tena," akasema taratibu.

Akampita Taalai, akaelekea nyuma, kwenye ukungu. Theluji ilikuwa mpya. Haikulia chini ya miguu yake.

Taalai alisimama. Akasikia sauti ya baba yake.

"Burul? Mke wangu, ni wewe?"

"Twende," mwanamke alinong'ona. "Chakula kinapoa."

"Na mtoto je?"

Kwato za farasi zikakoma.

"Mama!" Taalai aliita. Akakimbia. Akateleza, akainuka, akakimbia tena. Farasi alikuwa amesimama. Mzee alikuwa amekaa wima juu yake, macho wazi, mdomo wazi kidogo. Hapumui. Ameshapoa. Na kwenye theluji, nyayo ni za Taalai peke yake.

Nyumbani walifungua magunia. Mafundo yalikuwa yale yale aliyoyafunga. Paja moja halikuwemo. Lilikuwa limekatwa safi kwenye kiungo.

Wakamzika mzee. Taalai alilia mpaka sauti ikamkauka, na watu wakamsifu kwamba kumbe alimpenda baba yake. Kwangu alisema kweli: alikuwa analilia ile dua.

Siku hiyo hiyo ya mazishi farasi wa mzee alitoweka zizini. Ndugu wale wawili wakafuata alama za kwato zake hadi ile nyumba ya majira ya baridi. Farasi alikuwa amefungwa mlangoni. Kufuli lilikuwa mahali pake, lina kutu, na ufunguo alikuwa nao Kanishai. Ulizunguka kwa shida.

Ndani palikuwa na joto. Jiko la chuma lilikuwa bado na makaa. Kitambaa cha kulia kilitandikwa sakafuni, na juu yake mabakuli mawili ya mchuzi, yamenywewa, mafuta hayajaganda, na mifupa ya paja imegugunwa ikawa myeupe. Pembeni kulikuwa na bakuli la tatu, dogo, la buluu, alilokuwa akilia chakula Taalai utotoni. Lilikuwa kavu. Lilikuwa limefudikizwa.

Taalai alinyoosha mkono aligeuze. Kanishai akamshika kiganja.

"Liache, kaka," akanong'ona. "Hawakukungoja."