Kwa Nini Taa Zinafifia Jioni

Elirehema aliishi juu ya mji mdogo wa Usa River, katika kijiji kimoja cha mlima Meru. Nyumbani walikuwa watatu: yeye, mumewe Ndesanjo, na mama mkwe wake. Mtoto wao, Sifael, alikuwa shule ya bweni. Walikuwa na migomba, ng'ombe wa maziwa na kuku.

Ilikuwa miaka ya tisini. Umeme wa serikali ulipita chini, kando ya barabara ya Moshi. Huku juu haukufika. Kwa hiyo wanakijiji walijenga mtambo wao wenyewe mtoni. Maji yaliuzungusha, nao ukatoa umeme. Mtambo ulikuwa mali ya kijiji kizima. Waliouendesha walikuwa wanakijiji wa kujitolea.

Elirehema alitengeneza sanduku la kutotolea mayai. Ndani aliweka balbu ili mayai yapate joto. Mara ya kwanza vifaranga walitoka vizuri. Kisha taa zikaanza kufifia kila jioni. Balbu ziligeuka nyekundu, na mayai yakapoa. Elirehema alipoyapasua, alikuta vifaranga wamefia ndani.

"Watu wanasema wale wa kujitolea wanajipendelea," alisema Ndesanjo. "Eti umeme mwingi wanaupeleka kwao. Kuna tajiri wa Njiro, kule Arusha, anataka kuununua mtambo. Siku hizi kila kitu kinauzwa kwa watu binafsi. Jumapili baada ya ibada tutaamua."

"Akiununua, taa hazitafifia?" aliuliza Elirehema.

"Hilo silijui, mama Sifael."

"Basi mimi nataka kwanza kujua kwa nini zinafifia."

Kesho yake jioni, baada ya kukamua, alipanda hadi mtoni. Alimkuta Tekla, mmoja wa wale wa kujitolea. Tekla alikuwa akitoa majani kwenye wavu, pale maji yanapoingia bombani.

"Karibu, mama Sifael. Za nyumbani?"

"Nzuri. Nimekuja kuuliza, dada Tekla. Umeme wetu unakwenda wapi jioni?"

Tekla hakukasirika. "Hata sisi tunajiuliza," alisema. "Tulidhani ni majani. Lakini wavu ni safi, na taa zinafifia vile vile. Twende tukaangalie pamoja."

Waliingia kwenye kibanda cha mtambo. Ulikuwa ukivuma kama mashine ya kusaga. Ukutani palikuwa na mita yenye mshale.

"Mshale ukisimama hapa, taa zinawaka vizuri," alieleza Tekla. "Ukishuka, zinafifia."

Walikaa wakiutazama. Jua lilipozama, mshale ulianza kushuka. Elirehema alitoka nje kutazama mfereji unaoleta maji bombani.

"Maji hayajapungua," alisema.

"Basi kuna kitu kimewashwa kijijini, kinachokula umeme mwingi. Nitazima njia za umeme moja moja."

Tekla alizima njia ya kanisani. Mshale ulitikisika kidogo tu. Akairudisha, akazima ya shuleni. Ikawa vile vile. Akazima ya tatu, na mshale ukaruka juu.

"Hiyo ni njia ipi?" aliuliza Elirehema.

"Ni ya kwenu, mama Sifael."

Tekla aliwasha njia ile, wakateremka wote wawili. Jikoni walimkuta Ndesanjo akichemsha maji ya kuoga ya mama yake. Ndani ya ndoo palikuwa na hita. Elirehema aliijua hita ile. Aliiona kila siku. Lakini hakuwahi kufikiri kwamba ndiyo iliyopoza mayai yake.

"Hita moja inakula umeme wa balbu zaidi ya ishirini," alisema Tekla.

"Kidude hiki?" Ndesanjo alishangaa. "Nilikinunua Arusha mjini. Mama anaumwa miguu, hawezi maji baridi. Na si mimi peke yangu. Jirani zetu wawili wana majiko ya umeme. Maduka yamejaa vitu hivi siku hizi."

"Hujafanya vibaya kumjali mama," alisema Tekla. "Kosa ni letu pia. Tuliwafungia taa, hatukuwaeleza. Umeme wetu ni kama maji ya mfereji. Wote mkifungulia mashamba kwa pamoja, nani atapata?"

"Ndiyo maana tunamwagilia kwa zamu," alisema Ndesanjo.

"Na mchana?" aliuliza Elirehema. "Mchana taa zimezimwa. Umeme unafanya kazi gani?"

"Mchana unabaki mwingi."

"Basi mama aoge mchana, jua likiwa kali. Hata miguu yake itapenda."

Jumapili Elirehema alisimama mkutanoni. Alisema, "Nimekwenda kuangalia. Hakuna aliyejipendelea. Umeme ulikuwa unakwenda nyumbani kwangu." Kisha alieleza habari za hita na mshale.

Watu waliuliza maswali mengi. Mwishowe walikubaliana hita na majiko yatumike mchana tu, na jioni iwe ya taa. Waliamua pia kutouuza mtambo. Waliomba watu wa kupita nyumba hadi nyumba kuelimisha wengine. Elirehema alijitolea.

Tangu hapo taa ziliwaka vizuri. Vifaranga walitoka, na majirani wakaja kuomba awaangulie mayai yao.

Siku moja mama mkwe alitaka kuuona mtambo. Walipanda polepole, Elirehema amemshika mkono. Bibi aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Maji yakishatoa moto wake humo ndani, yanabaki na nguvu ya kuotesha ndizi?"

"Yanabaki yale yale, mama. Mtambo unachukua mwendo wake tu."

Bibi hakuridhika. Aliinama pale maji yanapotoka, akayachota kwa kiganja, akayaonja.

"Kweli," alisema. "Ni maji yetu."

Akachota tena, akanywa.