Neno la Siri la Sikudhani

Kila siku saa kumi alasiri, Mwalimu Mwanamkuu aliwasha jenereta uani kwake Ikwiriri, na kompyuta iliyokuwa sebuleni ikaanza kuunguruma. Ilikuwa mwaka 2003, na mtaa mzima haukuwa na nyingine. Binti yake, Mwanahalima, aliitumia nusu saa. Kisha ikawa zamu ya binamu yake, Sikudhani.

Zamani saa nzima ilikuwa ya Mwanahalima peke yake. Sikudhani alipokuja kutoka Mbwera kusoma, mama alimwita aliyemuuzia mashine, akampa kila mmoja jina lake la kuingilia, picha yake na neno lake la siri. Sikudhani alichagua picha ya bata wa manjano. Akichapa kwa kidole kimoja, kwa wiki sita aliandika insha ya mashindano: jinsi baba yake anavyolima mpunga na kuulinda usiliwe na nguruwe pori.

"Mtoto huyu anaandika mpaka unayasikia matope miguuni," mama alimwambia mumewe siku moja.

Mwanahalima alikuwa anachambua mchele. Moyo ulimchoma. Yeye alichapa kwa vidole vyote kumi, lakini hakuwahi kusifiwa hivyo.

Jumanne, Sikudhani alipokwenda kisimani, Mwanahalima alibonyeza ile picha ya bata. Neno la siri alilijua, kwa kuwa mara nyingi alikifuata kwa macho kile kidole kimoja: *mbwera*. Akaingia, akaweka neno jipya, akaliandika mara mbili kama mashine ilivyotaka. "Ahangaike siku moja tu," alijisemea. "Kesho nitalirudisha."

Jioni ile mashine ilimkataa Sikudhani. Mama naye akajaribu, wapi!

"Labda nimelisahau mwenyewe, shangazi," Sikudhani alisema kwa sauti ndogo. Kisha akaenda nyuma ya jiko, akalia.

Kesho yake Mwanahalima aliketi peke yake mbele ya mashine, akaandika neno lake jipya. Likakataliwa. Akarudia mara ya pili, ya tatu, ya nne. Mlango alioufunga yeye sasa ulimshinda kuufungua.

Alhamisi alikuja fundi Seleman kutoka Kibiti. Alichunguza, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, neno kuu la siri la mashine hii, linalofungua majina yote, alibaki nalo aliyekuuzia. Mimi itabidi nifute kila kitu nianze upya. Kazi zako tutazihifadhi kwenye disketi, lakini za binti huyu zimefungwa. Zitapotea."

"Na insha inatakiwa kesho," mama alisema. Sikudhani aliinama. Fundi akaingiza CD ya kufutia mashine.

"Subiri, kaka Seleman!" Mwanahalima alipaza sauti. "Ni mimi niliyelibadilisha. Lakini hata mimi linanikataa."

Fundi akaitoa ile CD.

"Uliweka neno gani?" fundi aliuliza.

Mwanahalima alitamani ardhi ipasuke immeze. "Niliandika... mgeni."

Sikudhani aliinua macho, akamtazama. Macho yale yalimuuma Mwanahalima kuliko kofi.

Fundi aliandika. Likakataliwa. Akakuna kidevu. "Hii taa ndogo ya kijani juu ya vitufe, siku ile ilikuwa inawaka?"

"Sikuangalia. Nilikuwa na haraka."

"Basi huenda ulikigusa kitufe chake ulipoliandika lile jipya. Ikiwaka, herufi zote ni kubwa. Kwa mashine hii, herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti." Akabonyeza kitufe, taa ikawaka, akaandika tena. Bata akapisha, na insha ya Sikudhani ikatokea, kurasa zote tisa.

"Nisamehe, Sikudhani," Mwanahalima alisema huku akilia. "Nilikuonea kijicho."

"Nimekusamehe," Sikudhani alijibu. "Lakini usiniite mgeni tena."

Fundi alipoondoka, mama aliwaketisha wote wawili mkekani.

"Mwanahalima, nilipomsifu mwenzio sikukupunguzia wewe kitu. Ulipoumia ungeniambia, nami ningekusikiliza. Wivu ukiuficha, unakutuma kuharibu, na kilichoharibika huenda usiweze kukitengeneza mwenyewe. Leo umesema kweli mbele ya watu, ukajivunjia heshima ili kazi ya mwenzio ipone. Huo ndio ujasiri. Sasa shika sabuni, kwa wiki nzima sare zake utazifua wewe."