Kibrashi cha Mwalimu

Chupa ilikuwa imejaa tena.

Fundi wa kope aliiinua kwenye mwanga wa dirisha la saluni yake. Jana aliitikisa mwenyewe, ikabaki na matone mawili. Sasa dawa ilifika shingoni, na jina la mgonjwa kwenye lebo, alilolikwangua kwa kucha, lilikuwa linasomeka.

"Hiyo ya nani?" aliuliza mdogo wake, mfamasia, aliyempitia na chakula cha mchana.

"Ya Mwalimu."

"Dada! Si tulimzika mwezi uliopita?"

Maradhi yalikuwa yamempukutisha Mwalimu kope zote. Daktari wa macho akamwandikia dawa ya kuziotesha, na kwa kuwa mikono yake ilitetemeka, kila jioni alikuja saluni ili Fundi ampake.

"Dawa hii ni ya aliyeandikiwa tu, baada ya kupimwa macho," alisema mfamasia. "Unanawa uso, unatoa lenzi za machoni kama unazo. Tone moja kwenye kibrashi kipya, unapitisha pale kope za juu zinapoota, chini hugusi. Kibrashi unatupa. Jicho la pili, kipya kingine. Likiwa jekundu au likiuma, unaacha, unarudi kwa daktari. Ndivyo ulivyofanya?"

"Hivyo hivyo. Umekuja kunipa mtihani, wewe?"

Alidanganya. Kibrashi kilikuwa kimoja. Alikipitisha kwa Mwalimu, kisha kwa kila mteja aliyetamani kope kama zake, na chupa ilipopungua aliijazia maji ya bomba. Jicho la kulia la Mwalimu lilivimba, likatoa usaha, likapofuka, likabaki jeupe.

"Kibrashi kilikuwa kipya?" Mwalimu aliuliza, bandeji usoni.

"Kipya, Mwalimu wangu."

Wiki iliyofuata Mwalimu alivuka barabara. Lori lilitokea kulia.

Mfamasia alipoondoka, Fundi aliitupa chupa kwenye pipa la nyuma. Aliporudi, ilikuwa mezani. Droo ya meza ilinuka chaki na usaha, na ndani yake kitu kilikwaruza mbao, kwaru, kwaru, kwaru.

Alasiri hiyo mteja alikuwa amekwisha kulala kitandani, taulo usoni, ingawa kengele ya mlango haikulia.

"Nipake, Fundi."

Fundi alijikuta ameshika chupa.

"Kibrashi ni kipya?"

Na mdomo wake, uliozoea, ukajibu kabla hajafikiri: "Kipya."

Taulo likateleza, na lile jicho jeupe likamtazama bila kupepesa, na mkono wenye vumbi la chaki kwenye kucha ukamshika shingo ukamlaza pale pale alipowalaza wengine, na kibrashi, kigumu, kilichokauka usaha wa miezi, kikapita juu ya jicho lake, kikapita chini, kikapita ndani, taratibu, kwa uangalifu ambao yeye hakuwahi kumpa mtu.

Tangu hapo kope zake ziliota kuelekea ndani. Daktari alizing'oa, zikaota upya kabla hajafika nyumbani. Fundi alianza kuona ukungu. Mfamasia, aliyekuwa akiwacheka waganga, akaenda mwenyewe kumwita mganga.

Mganga alifukiza ubani. Kinywani mwa Fundi ikatoka sauti ya Mwalimu.

"Awaambie wote aliowapaka. Akimaliza, nitamwachia macho yake."

Fundi akapiga simu, mteja baada ya mteja. Mmoja alimtukana mpaka salio likaisha. Mwingine alilia. Kila alipokiri, ukope ulidondoka, na mwanga ukaongezeka, mpaka ukabaki mmoja, mnene, kwenye jicho la kulia.

"Bado nani?" mganga aliuliza.

Fundi alimtazama mdogo wake. Alimkumbuka asubuhi ya harusi yake, amelala kwenye kitanda kile, macho amefumba, anamwambia, dada, nakuamini.

"Wamekwisha."

Mfamasia akamshika mkono, akanong'ona. "Na mimi ulinipaka, dada. Siku ya harusi. Kibrashi kilikuwa kipya?"

Ubani ukanuka chaki.

"Kipya, mdogo wangu."

Ukope wa mwisho ukadondoka wenyewe. Fundi akaona vizuri kuliko alivyowahi kuona maishani: ukuta, moshi, na mdogo wake, mita moja tu mbele yake, anafikicha jicho la kulia.

"Dada, hebu nitazame. Kuna kitu kinanichoma ndani."