Kadi ya Davis

Mzee Ndaki wa Samuye alikuwa mtu wa soga, lakini tangu msiba nyumba yake ilikuwa na ukimya wa kuumiza masikio. Mwanawe Davis alifukiwa ndani ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu, kule Katoro, na mwili haukutolewa. Ndugu walimsihi waanue matanga. Alikataa katakata. Angeanuaje, na mtoto hajazikwa?

Kilichorudi nyumbani ni kompyuta yake tu, yenye Linux. Ndani Davis alikuwa amepachika kadi ya mtumba ya kunasia televisheni, akaiacha haijafanya kazi. "Nikirudi nitaimalizia, Baba," alisema siku anaondoka. "Nyumba itachangamka."

Basi alasiri moja, kuku wakiparua uani, mzee akaamua kuimalizia mwenyewe. Aliwahi kuwa fundi redio, hivyo waya hazikumtisha. Akafunga antena juu ya bati, akampigia mwanawe mdogo, Eliya, aliyeishi Nyahanga.

Eliya akamsomea amri kwenye simu, mzee akadonoa herufi kama kuku. Kompyuta iliitambua kadi, ila ikalalamika kwamba inakosa faili la kuiamsha. Eliya akalituma. Mzee akaliweka mahali pake, akazima, akawasha. Malalamiko yakaisha.

"Sasa iambie itafute stesheni."

Ilitafuta kwa muda mrefu.

"Imepata moja!" mzee akashangilia.

"Baba, hebu nisomee jina la hiyo kadi."

Akasoma.

"Hiyo ni ya analojia. Mitambo yake ilishazimwa zamani. Huko hewani hamna kitu, Baba."

Lakini kwenye skrini chenga zilikuwa zinatulia. Ukatokea ukuta wa udongo mwekundu na magogo yaliyovunjika. Mtu alikuwa amekaa chini, amempa mgongo. Mzee aliujua mgongo ule. Alikuwa ameubeba mwenyewe Davis alipokuwa mchanga.

"Hodi," spika zikasema.

Mzee akatazama mezani. Waya wa spika ulikuwa pale, haujachomekwa.

"Umesikia, Eliya?"

"Nimesikia," Eliya akanong'ona. "Baba, usiitikie."

Mzee alijua. Hakuna mtoto wa Samuye asiyefundishwa hilo: sauti ya mtu usiyemwona haiitikiwi.

"Shikamoo, Baba. Huku niko peke yangu."

Moyo ukamvunjika. Hata yeye alikuwa peke yake.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Karibu ndani."

Yule mtu akasimama. Akatoka kwenye picha. Kuku wakanyamaza. Mlango wa uani ukalia.

Simu ikakatika.

Eliya alipofika na pikipiki, jua lilikuwa bado halijazama. Kiti kilikuwa kitupu. Nyayo za matope mekundu zilitoka mlangoni hadi kwenye kiti, kisha zikarudi. Zilizorudi zilikuwa za watu wawili.

Kwenye skrini, watu wawili walikuwa wamekaa bega kwa bega. Mmoja alivaa kofia ya mzee.

"Hodi, Eliya," ikaita sauti ya baba yake.

Eliya akang'oa waya wa umeme. Hakuitikia.

Mzee hakuonekana tena. Kompyuta iko Nyahanga, ndani ya gunia, chini ya kitanda cha Eliya. Hana moyo wa kuitupa. Kila akifagia hukuta udongo mwekundu pale chini, bado mbichi. Naye sasa hana wa kuongea naye.