Ulionyeshwa au Ulitamani?

"Chukua pete yako, Fundi. Harusi hakuna."

Fundi Bomba alikuwa amelala chali chini ya sinki la duka la mikate, maji yakimchuruzika kiwikoni. Akadhani amesikia vibaya. Akajivuta nje polepole, spana mkononi, akamkuta mchumba wake amesimama na aproni, unga mpaka kwenye kope, na machozi yamechora njia mbili kwenye ule unga.

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Soma mwenyewe."

Akampa pete, kisha simu. Ujumbe ulisema:

*Binti yangu, Bwana asifiwe. Nimefunga siku tatu kwa ajili yako. Nimeonyeshwa wazi: huyo fundi si wako. Mume wako anatoka ng'ambo ya maji. Ukikaidi utalia.*

Aliyeandika ni Mama Mwombezi, kiongozi wa kikundi cha maombi. Fundi akausoma mara mbili, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Na wewe unaamini, Hamira?"

Hamira ndilo jina walilompa kazini, kwa kuwa akiingia mahali hata waliokaa kinyonge huinuka. Lakini siku hiyo mwenyewe alikuwa amezama kabisa.

"Nisiamini vipi? Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyenishika mkono. Nikimkaidi yeye si nimemkaidi Mungu?"

"Hao ni wawili. Usiwafunge kitita kimoja."

"Usinichezee maneno!"

"Sichezi. Biblia yako iko wapi?"

"Nyumbani. Kabatini."

"Uliifungua lini?"

Hamira akatazama trei za mikate. "Jumapili. Mhubiri aliposoma."

"Basi alisoma yeye." Fundi akaiweka ile pete juu ya meza, katikati yao. "Nipe wiki tatu. Kila jioni tukitoka kazini, tukutane kwa shangazi yako tusome. Mwisho wake ukiona neno hili limetoka kwa Mungu, pete nitaichukua na simu yangu hutaisikia tena."

Hamira alitaka kukataa. Lakini moyo, huo haukuwa umesoma ule ujumbe. Ulikuwa bado unampenda.

"Wiki tatu. Si siku moja zaidi."

Shangazi yake alikuwa mkunga mstaafu, mdomo wake hauna kizibo. Aliwakaribisha sebuleni, akajipa kiti kilicho karibu na birika la chai.

"Someni kwa sauti," akasema. "Macho yangu yalistaafu kabla yangu."

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Hamira alisinzia, akachanganya manabii na wafalme, akauliza maswali mpaka Shangazi akacheka. Lakini siku zikienda akaanza kuwahi. Akanunua daftari. Mara akajikuta anasoma peke yake mikate ikiwa kwenye oveni, nusura aunguze trei mbili.

Wiki ya pili wakafika kwenye kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya kumi na tatu. Ni habari ya mtu wa Mungu aliyeagizwa na Mungu mwenyewe asile wala asinywe mahali pale, wala asirudi kwa njia aliyojia. Akaja nabii mmoja mzee, akamwambia malaika ameagiza vingine: arudi, ale nyumbani kwake. Akarudi, akala. Alipoondoka, simba akamuua njiani.

Kidole cha Hamira kilikuwa bado kwenye mstari.

"Kumbe yule mzee alimdanganya?"

"Imeandikwa hapo," Shangazi akasema. "Mtu kauawa na simba kwa sahani ya chakula cha watu!"

"Lakini Shangazi, huyu alikuwa ameshaambiwa na Mungu. Alikuwa na cha kupimia, akakiacha. Mimi hata cha kupimia sina! Nikidanganywa nitajuaje?"

Alitegemea Fundi ashangilie. Badala yake akamwona amejikunja kwenye kiti, jasho usoni.

"Fundi? Unaumwa?"

"Hamira, nina neno. Nimelificha tangu tulipojuana."

Shangazi akaweka kikombe chini.

"Kabla yako nilikuwa na mchumba. Nilimchoka, nikaogopa kumwambia. Nikamwambia nimefunga na kuomba, Mungu amenionyesha si yeye. Sikuonyeshwa kitu. Hata kufunga sikufunga."

"Ati nini?"

"Ndiyo maana niliposoma ule ujumbe nilijua maneno kama hayo yanavyotengenezwa. Niliwahi kuyatengeneza."

Hamira akasimama. "Kumbe nabii mzee ninaye hapa, nampimia sukari kwenye chai!"

"Nisamehe."

"Usiniombe mimi msamaha! Si mimi niliyedanganywa! Yeye yuko wapi? Unajua anaishije?"

Hamira akachukua daftari lake, akatoka, mlango ukapiga kishindo.

Shangazi akashusha pumzi. "Miaka yangu yote ya ukunga, mtoto akilia hatukuogopa. Tuliogopa akinyamaza. Umelia, mkwe wangu. Subiri."

Siku mbili simu ya Fundi ilikaa kimya. Ya tatu ikaingia meseji:

*Mtafute huyo dada umwambie ukweli. Kisha nipigie.*

Alipiga kesho yake mchana. Hamira akapokea akiwa anakanda unga, simu kaibana kwa bega.

"Nimemwona," Fundi akasema. "Anauza dawa kwenye famasia. Ameolewa, ana mapacha."

"Amesemaje?"





"Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, 'Miaka mitano nimedhani Mungu ndiye aliyenikataa.' Hakunitukana. Afadhali angenitukana."

Hamira akaacha kukanda. Machozi yakadondoka kwenye unga, akausukuma pembeni.

"Sasa umesema kweli," akasema taratibu. "Na mimi ninayo yangu ya kwenda kuuliza."

Jioni ile akaenda kwa Mama Mwombezi. Alimkuta anachambua mboga kibarazani. Akachukua ungo wa pili, akaketi naye, wakachambua pamoja kama zamani.

"Mama, nakuheshimu kama mzazi. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Nimesoma, nikaona hata neno la nabii hupimwa. Naomba nilipime lako."

"Pima, binti yangu."

"Huyo wa ng'ambo ya maji ni nani?"

Mikono ya mama yule ikapunguza mwendo. "Mpwa wangu. Anarudi mwezi ujao. Kijana mzuri, ila mpweke."

"Sasa, Mama, ulionyeshwa au ulitamani?"

Jani moja likaanguka chini. Hakuna aliyeliokota.

"Nilifunga kweli," Mama Mwombezi akasema mwishowe. "Hilo si uongo. Lakini nilianza kufunga jibu nikiwa nalo tayari. Nilitaka uwe wa nyumbani kwangu, mwanangu. Nikatamani, nikatamani, mpaka nikaona."

"Mama, mimi ni wa nyumbani kwako tayari."

Mama yule akajifunika uso kwa khanga. Hamira akamkumbatia, majani ya mboga yakiwamwagikia wote wawili.

"Utanifundisha na mimi kusoma hivyo?" sauti ikatoka ndani ya khanga. "Naomba sana, lakini kusoma... nasoma kidogo mno."

"Kwa Shangazi, kila jioni. Ila uje umejiandaa kwa mdomo wake."

Alipotoka hapo akampigia Fundi.

"Uko wapi?"

"Juu ya paa la watu, natengeneza tangi."

"Shuka. Uje univishe tena pete."

"Wiki tatu bado siku nne!"

"Fundi, shuka kabla sijaenda kusoma kitabu cha Maombolezo!"

Harusi ikafungwa miezi miwili baadaye, asubuhi, keki ameoka bi harusi mwenyewe. Shangazi alikaa mbele, Mama Mwombezi pembeni yake. Mchungaji alipouliza kama yupo mwenye neno la kuzuia ndoa ile, Mama Mwombezi akakohoa.

Kanisa zima likageuka.

"Jamani, ni kikohozi tu!" akasema, mikono juu. "Sijaonyeshwa kitu!"

Hamira akacheka mpaka shela ikamteleza. Fundi akaiokota, akamrudishia kichwani, akamshika mkono. Mchungaji akasubiri kicheko kiishe, kisha akaendelea.